Ufukwe, Msimu na Sheria: Historia ya Uvuvi wa Ukingoni mwa Ziwa Mweru, Nchelenge

Utangulizi

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, uvuvi wa kusimama ufukweni na kurusha mshipi hadi mahali mawimbi yanapovunjika huenda sambamba na jina la kolekole, samaki wa jenasi Caranx anayesifika kwa nguvu zake akishanasa ndoanani. Nduguye wa Bahari ya Atlantiki, Caranx hippos, ana sifa hiyohiyo. Ziwa Mweru halina kolekole. Ni ziwa la maji baridi, lenye eneo la takribani kilomita za mraba 5,000, lililoko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unapita ndani yake. Anayestahili kufananishwa na kolekole huko ni manda (Hydrocynus vittatus), samaki mwenye meno makali na mbio nyingi, ambaye akinasa hupigana hadi mshipi ukatike au mkono uchoke.

Hata hivyo, historia ya ufukwe wa Nchelenge haikujengwa juu ya manda. Ilijengwa juu ya samaki watatu: mpumbu, pale na chisense. Makala haya yanadai kwamba kila mmoja wa samaki hao aliufanya ufukwe kuwa taasisi ya namna yake, yenye wenyewe, msimu wake na msamiati wake, na kwamba sheria za uvuvi zilizofuatana tangu enzi za ukoloni zilishughulika zaidi na zana kuliko taasisi hiyo. Hoja hii ina uzito kwa watunga sera wa leo, kwa sababu kila mwaka, kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, uvuvi upande wa Zambia hufungwa, na maelfu ya watu hulazimika kuishi bila chanzo chao kikuu cha riziki.

Wenye maji kabla ya mpaka

Simulizi inayojulikana zaidi kuhusu umiliki wa maji ya Mweru na Luapula ni ile ya Nachituti. Nachituti alikuwa dada wa Nkuba, mtawala wa Washila, watu ambao jina lao limefungamana na uvuvi. Nkuba alipomuua mwana wa dada yake, Nachituti alikwenda kuomba msaada kwa Mwata Kazembe. Nkuba alipouawa, Nachituti alimkabidhi Kazembe ardhi na maji. David Gordon aliifanya simulizi hiyo kuwa msingi wa kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu uchumi na mazingira ya Luapula, na hakukosea: simulizi inaeleza mgawanyo wa mamlaka uliodumu kwa vizazi. Mwata Kazembe alitawala watu na kupokea kodi. Koo za kale ziliendelea kutambuliwa kuwa wenye ardhi na wenye mabwawa ya kando ya mto, zikiongoza matambiko ya kufungua uvuvi na kupewa sehemu ya samaki waliopatikana. Ian Cunnison, aliyefanya utafiti wake katika bonde hilo na kuchapisha kitabu mwaka 1959, alibainisha mgawanyo huohuo.

Jambo la msingi hapa ni kwamba mamlaka ya mwenye maji yalihusu wakati na mahali. Aliamua lini uvuvi uanze na nani aanze. Zana ilikuwa jambo la pili.

Lugha nazo zilikuwa zimekwisha kukutana. David Livingstone alifika Ziwa Mweru Novemba 8, 1867, akitoka kusafiri katika nchi ambamo misafara ya Waswahili na Waarabu, pamoja na ule wa Tippu Tip, ilikuwa ikitafuta pembe za ndovu. Katika makao ya Kazembe alimkuta Muhammad bin Salih, mfanyabiashara aliyekuwa amekaa huko kwa miaka mingi. Kwa hiyo Kiswahili kilisikika karibu na Mweru kabla ya Kiingereza kuwa lugha ya serikali. Chini ya tabaka hilo la biashara kuna udugu wa kale zaidi: kitenzi cha Kibemba ukuloba, yaani kuvua kwa ndoano, na neno la Kiswahili ndoana huhusishwa na mzizi mmoja wa Kibantu.

Mpumbu na soko la shaba

Mapatano ya mwaka 1894 kati ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo yaliufanya Mto Luapula na Ziwa Mweru kuwa mpaka. Kisha machimbo ya shaba ya Katanga yakaleta soko. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ukaanzishwa mwaka 1910. Wafanyakazi wa machimbo walihitaji kitoweo. Wafanyabiashara Wagiriki walioweka makao Kasenga, upande wa Wabelgiji, walinunua samaki wa Luapula na Mweru na kuwasafirisha hadi mjini.

Samaki aliyebeba biashara hiyo kwa kiasi kikubwa alikuwa mpumbu (Labeo altivelis). Msimu wa mvua mpumbu waliondoka ziwani kwa makundi makubwa na kupanda mto kwenda kutaga. Tabia hiyo ndiyo iliyowafanya wawe rahisi kuvuliwa: walipita mahali panapojulikana, wakati unaojulikana, wakiwa wamejaa mayai. Chini ya wenye maji, kupita kwao kulikuwa tukio lenye utaratibu. Chini ya soko la Elisabethville, kila mwenye wavu alikuwa na sababu ya kufika kwanza. Serikali mbili za kikoloni hazikuwa na nia moja: maofisa wa upande wa Waingereza walizungumzia vizuizi, ilhali upande wa pili soko lilidai samaki zaidi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950, msafara mkubwa wa mpumbu ulikuwa umekwisha.

Kuanguka kwa mpumbu mara nyingi huelezwa kuwa ni matokeo ya watu wengi na nyavu nyingi. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Kilichopotea kwanza ni uwezo wa mtu yeyote kusema, na akasikilizwa katika kingo zote mbili, kwamba wakati haujafika.

Pale na jina la kosa

Baada ya mpumbu, ziwa liliegemea pale, samaki wa jamii ya sato (Oreochromis mweruensis). Madume ya pale huchimba viota katika mchanga wa maji machache, na majike hulea mayai na vifaranga kinywani. Sehemu ya kusini ya ziwa, yenye kina kidogo na matete mengi, ni makazi yao. Hapo ndipo mbinu za ukingoni zilipostawi. Mukwao ni wavu mkubwa wa kukokotwa, sawa na juya la pwani au kokoro la Ziwa Viktoria. Kutumpula ni kutega wavu katika maji machache, kisha kupiga maji kwa fimbo ili samaki washtuke na kuukimbilia.

Mbinu zote mbili ziliharamishwa. Sababu ya kibiolojia inaeleweka, kwa kuwa zinagusa mazalia. Lakini katika taarifa za usimamizi neno kutumpula liligeuka kuwa jina la kosa, na likaacha kutaja kazi yenye mahali, msimu na watu wake. Mvuvi asiye na mtumbwi wala fedha za kununua nyavu nyingi za nailoni ndiye anayehitaji zaidi maji machache. Sheria inayotaja zana peke yake humwangukia yeye kwanza.

Utafiti uliochapishwa na FAO mwaka 2003, ambao Paul van Zwieten na wenzake walishiriki na uliohusisha Mweru, ulionyesha kwamba katika maziwa mengi ya kusini mwa Afrika kupanda na kushuka kwa maji kuna athari kubwa kwa wingi wa samaki, na kwamba ongezeko la uvuvi limetokana zaidi na kuongezeka kwa wavuvi wadogo kuliko kukua kwa mitaji. Matokeo hayo hayafuti haja ya udhibiti. Yanaonyesha kwamba kuhesabu zana si njia pekee ya kulijua ziwa.

Chisense: ufukwe wageuka uwanja

Katika miaka ya 1980, uchumi wa shaba ulipodorora na pale kupungua, chisense (Microthrissa moeruensis) alichukua nafasi. Huyu ni samaki mdogo mfano wa dagaa, anayevuliwa usiku kwa mwanga wa taa na kuanikwa mchanani asubuhi. Gordon ameonyesha jinsi wanawake walivyoingia katika biashara hiyo kwa nguvu ambayo uvuvi wa pale haukuwaruhusu. Ufukwe wa Kashikishi na Nchelenge ukawa uwanja wa kukausha, kupima na kuuza. Mwenye ufukwe hakuwa tena anayefungua msimu pekee. Alikuwa pia mama anayemkopesha mvuvi mafuta ya taa jioni ili auziwe samaki alfajiri.

Hitimisho

Historia hii ina funzo la kisera lililo wazi. Upande wa Zambia, ufukwe wa Mweru huzungumza Kibemba na lahaja zake za Luapula. Upande wa Kongo, Kasenga, Kilwa na Pweto hutumia Kiswahili katika soko na usafiri. Tangu mwaka 2018, makazi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, yamepokea wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao wakiwa wazungumzaji wa Kiswahili. Sheria ya Uvuvi ya Zambia ya mwaka 2011 imeandikwa kwa Kiingereza, na sheria za Kongo kwa Kifaransa.

Zambia na Kongo zote ni wanachama wa SADC, ambayo ina Itifaki ya Uvuvi ya mwaka 2001 na iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019. Kwa hiyo zipo nyenzo za kuandaa tangazo moja la kufunga msimu, kwa Kibemba na Kiswahili, lisomwe siku moja katika kingo zote mbili. Ipo pia haja ya faharasa ya istilahi za uvuvi wa ziwa hilo, itakayoeleza mukwao, kutumpula na chisense kwa maana wanazopewa na wavuvi na wachuuzi kabla ya kuzipa maana za kisheria. Wanaoanika na kuuza chisense washirikishwe katika kupanga tarehe, kwa kuwa gharama ya miezi mitatu huwafikia wao pia. Mpumbu walipotea katika ziwa lililokuwa na serikali mbili na masoko mengi, bila sauti ya pamoja ya kutangaza msimu. Pale na chisense bado wapo, na sauti hiyo bado inaweza kujengwa.