Korea Kusini: Vyeo vya Ofisini na Hesabu za Uchumi

Korea Kusini ina eneo la kilomita za mraba laki moja hivi, yaani kama sehemu moja ya tisa ya Tanzania, na wakazi karibu milioni 52. Sehemu kubwa ya ardhi ni milima, na mafuta yote ya kuendeshea viwanda huagizwa kutoka nje. Mwaka 1960 pato la kila mtu lilikuwa dola 158 hivi za Marekani. Kufikia 2023 lilikuwa limevuka dola 33,000. Takwimu hizo zimeandikwa mno. Kinachosahaulika ni kwamba safari hiyo iliendeshwa na watu waliopangwa kwa vyeo kutoka juu hadi chini, na kwamba adabu za biashara anazokutana nazo mgeni pale Seoul ni kanuni za mpangilio huohuo. Anayesoma takwimu bila kujua nani anamwinamia nani ataelewa nusu ya habari. Naye anayekariri adabu bila kujua hesabu ataishia kuinama tu.

Mkutano wa kwanza huanza kwa kadi. Hutolewa watu wakiwa wamesimama, kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiushika chini ya kifundo cha mkono, maandishi yakimtazama anayepokea. Mpokeaji huisoma kwa utulivu, kisha wakishaketi huipanga mezani kwa kufuata walivyokaa wenyeji. Kuitia mfuko wa nyuma wa suruali, au kuandika juu yake kwa kalamu mbele ya mwenyewe, ni ukosefu wa heshima. Si urembo tu. Kadi hutaja cheo, na cheo huamua nani aanze kuzungumza, nani akae mbali na mlango (hicho ndicho kiti cha heshima), hata kitenzi kimalizike vipi, maana Kikorea kina ngazi kadhaa za usemi kwa mkubwa na kwa mdogo. Msemaji wa Kiswahili aliyekuzwa kwa shikamoo hatapata taabu kulielewa hili, ila Mkorea huhesabu hata tofauti ya mwaka mmoja.

Jina peke yake halisaidii sana. Wakorea wanaoitwa Kim, Lee au Park ni karibu nusu ya watu wote, kwa hiyo ofisini mtu huitwa kwa jina la ukoo na cheo: Kim bujang-nim ni mkuu wa idara, Lee gwajang-nim ni mkuu wa kitengo, na hiyo "nim" mwishoni ni ya heshima. Mgeni asimwite mtu kwa jina lake la kwanza mpaka aombwe kufanya hivyo.

Mzizi wa haya yote una matawi mawili. La kwanza ni mafundisho ya Confucius, yaliyokuwa itikadi rasmi ya ufalme wa Joseon kuanzia 1392 hadi nchi ilipomezwa na Japani mwaka 1910. La pili ni jeshi. Wanaume wote wenye afya hulitumikia taifa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, na Park Chung-hee, aliyetawala kuanzia 1961 hadi alipouawa 1979, alikuwa jenerali. Alizitaifisha benki, akatangaza mpango wa kwanza wa miaka mitano mwaka 1962, na kuwapa wafanyabiashara mikopo nafuu kwa sharti moja: uza nje. Mikutano ya kuhimiza mauzo ya nje iliongozwa na rais mwenyewe, na kampuni iliyofikia lengo ilipata mkopo zaidi. Mauzo ya nje yalifika dola milioni 100 mwaka 1964 na dola bilioni 10 mwaka 1977. Mwaka 2024 yalivuka dola bilioni 680, na sehemu kama moja ya tano ilikuwa vipuri vidogo vya elektroniki, zile chipu za kompyuta na simu.

Waliopokea mikopo ile ndio wazazi wa chaebol, makampuni makubwa ya kifamilia. Samsung ilianza 1938 mjini Daegu kwa biashara ya samaki wakavu na tambi. Chung Ju-yung wa Hyundai alianza kujenga karakana ya meli Ulsan mwaka 1972 wakati hajawahi kuunda meli kubwa hata moja. Karakana na meli za kwanza zilijengwa kwa pamoja, na meli ya kwanza ikakabidhiwa 1974. Ujasiri wa namna hiyo uliwezekana kwa sababu amri ikitoka juu hakuna aliyebisha, na haraka ikawa tabia ya taifa. Wakorea wenyewe huiita ppalli-ppalli, na huisema kwa majivuno na kwa kulalamika kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo wageni wengi hujikwaa. Wanaona haraka hiyo, kisha wanashangaa mazungumzo yakichukua miezi. Sababu ni kwamba aliyeketi mbele yako, hata awe na kadi nzuri namna gani, mara nyingi hana mamlaka ya kukubali. Pendekezo lako litaandikwa na afisa wa chini, lisainiwe na kila aliye juu yake, ngazi kwa ngazi, mpaka lifike kwa bosi. Jibu la "tutaliangalia" mara nyingi ni hapana iliyovishwa nguo, kwa kuwa kumkatalia mtu uso kwa uso ni kumwaibisha. Saini ya mwisho ikipatikana, jiandae: watataka kazi ianze kesho.

Mambo ambayo hayasemwi mkutanoni husemwa mezani jioni. Chakula cha pamoja cha wafanyakazi huitwa hoesik: nyama ya kuchoma katikati ya meza, chupa za pombe ya soju, na baadaye huenda wakahamia mahali pa pili kuimba. Mtu hajimiminii, humimina mwenzake kwa mikono miwili, na mdogo akinywa mbele ya mkubwa hugeuza uso pembeni. Mwislamu au yeyote asiyekunywa pombe aseme mapema, kwa sababu ya dini au afya, apokee glasi ya soda na kushiriki kuwamiminia wengine. Siku hizi hilo hupokewa bila kinyongo, na vijana wengi wa Seoul wanatafuta visingizio vyao wenyewe vya kuondoka mapema.

Zawadi zinahitaji tahadhari zaidi. Kuanzia Septemba 28, 2016 ipo sheria inayojulikana kwa jina la Kim Young-ran, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Inawabana watumishi wa umma, walimu na waandishi wa habari. Mlo wa kumkirimu mtu wa namna hiyo uliwekewa ukomo wa won 30,000, uliopandishwa hadi won 50,000 mwaka 2024. Zawadi ndogo kutoka nyumbani, kahawa kwa mfano, inatosha kwa wenyeji wa kampuni binafsi. Kwa afisa wa serikali, uliza kwanza.

Mpangilio huu una gharama, na takwimu hazifichi. Mgogoro wa fedha wa 1997 uliilazimu serikali kupokea mkopo wa dharura chini ya usimamizi wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Wananchi walijitokeza kwa mamilioni kutoa pete na mikufu yao, zikakusanywa tani zaidi ya 200 za dhahabu, na deni la Shirika hilo likamalizwa Agosti 2001, kabla ya muda wake. Lakini chaebol ya Daewoo ilianguka, na pamoja nayo imani kwamba ukiingia kampuni kubwa umeingia mpaka uzee. Leo zaidi ya theluthi moja ya waajiriwa hawana ajira ya kudumu. Ukosefu wa ajira mwaka 2024 ulikuwa asilimia 2.8 na mfumuko wa bei asilimia 2.3, takwimu za kuonewa wivu. Hata hivyo karibu wazee 4 kati ya 10 ni maskini kwa kipimo cha kipato, na wanawake hulipwa pungufu ya wanaume kwa karibu asilimia 30, pengo kubwa kuliko la nchi nyingine yoyote ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD).

Saa za kazi ndizo zinazoeleza mengi. Mpaka 2018 sheria iliruhusu hadi saa 68 kwa wiki; sasa ukomo ni 52. Bado Mkorea hufanya kazi saa zaidi ya 1,850 kwa mwaka, huku wastani wa OECD ukiwa karibu 1,740, na thamani anayozalisha kwa saa iko chini ya wastani huo. Kwa maoni yangu tofauti hiyo si ya uvivu. Ni saa za kumsubiri bosi aondoke kwanza.

Mkubwa asiyeulizwa huweza pia kugeuka mwonevu. Desemba 2014 makamu wa rais wa Korean Air, binti wa mwenyekiti, aliamuru ndege irudi langoni mjini New York kwa sababu karanga za makadamia aliletewa kwenye pakiti badala ya sahani. Nchi nzima iliwaka, kesi ikafika mahakamani, na mwaka 2019 ikaanza sheria dhidi ya uonevu kazini. Kampuni ya teknolojia ya Kakao iliwataka wafanyakazi wake waitane kwa majina ya Kiingereza yasiyo na vyeo. Gharama nyingine huonekana katika uzazi: wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulishuka hadi 0.72 mwaka 2023, ukapanda kidogo hadi 0.75 mwaka uliofuata. Hakuna uchumi mkubwa uliowahi kuishi muda mrefu na kiwango hicho.

Afrika Mashariki imeshakutana na Korea hii. Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam lilijengwa kwa mkopo wake, na treni za umeme za reli ya SGR ya Tanzania zilitoka Hyundai Rotem. Wapo wafanyabiashara wetu watakaokwenda huko kutafuta wabia. Wabebe kadi nyingi, wawe na bei kamili mkononi kabla ya mkutano wa kwanza, wamtume mtu wa cheo kinacholingana na cha mwenyeji, na wasipange safari wakati wa sikukuu za Seollal (mwaka mpya wa kalenda ya mwezi) na Chuseok (sikukuu ya mavuno), kwa kuwa watakuta ofisi zimefungwa.