Kilimo cha drasena kwa mauzo ya nje

Kilimo cha drasena kwa mauzo ya nje ni uzalishaji wa mimea ya jenasi Dracaena, hasa spishi Dracaena fragrans, katika nchi za joto ili iuzwe katika nchi za baridi kama mmea wa mapambo wa ndani ya nyumba. Nchi inayojulikana sana kwa kilimo hiki ni Costa Rica katika Amerika ya Kati, ingawa mmea wenyewe asili yake ni Afrika ya kitropiki. Wanunuzi wakubwa wako Marekani na Ulaya.

Kuustawisha mmea huu si kazi ngumu. Ugumu uko katika kuufikisha salama: ukae gizani kwa wiki kadhaa, usibebe mdudu hata mmoja anayekatazwa, na ukifika uweze kuishi ndani ya chumba chenye mwanga hafifu.

Mmea na asili yake

Dracaena fragrans huota yenyewe katika misitu ya milimani ya Afrika Mashariki na sehemu nyingine za bara hili. Wachagga wa Kilimanjaro huuita isale (wingi: masale). Hupandwa kwenye mipaka ya vihamba na penye makaburi, na jani lake hupelekwa kwa mtu aliyekosewa kama ombi la msamaha, ombi ambalo kwa desturi si rahisi kulikataa. Wanafunzi wengi waliokulia huko wanaufahamu mmea huu tangu utotoni, bila kujua kwamba ndugu zake wamesimama katika ofisi na hoteli za Ulaya.

Aina inayouzwa zaidi ni 'Massangeana', yenye mstari wa njano katikati ya jani. Kwa kuwa majani yake yanafanana na ya mahindi, wauzaji wa Marekani huuita mmea wa mahindi.

Shambani

Katika Costa Rica drasena hulimwa hasa katika nyanda za San Carlos upande wa kaskazini na katika mkoa wa Limón unaopakana na Bahari ya Karibi. Huko kuna joto na mvua karibu mwaka mzima. Mimea mama hupandwa kwa mistari na kuachwa irefuke. Shina likifikia unene unaotakiwa hukatwa, na kisiki kilichobaki huchipua upya, hivyo shamba moja huvunwa kwa miaka mingi.

Shina lililokatwa hugawanywa kwa vipimo vya soko. Mnunuzi wa Ulaya mara nyingi hutaka vipande vitatu vya urefu tofauti vitakavyowekwa pamoja katika chungu kimoja, kirefu nyuma na kifupi mbele. Ncha ya juu ya kila kipande huchovywa katika nta. Nta huzuia maji kupotea na vimelea kuingia penye kidonda, tena humwonyesha mpokeaji upande upi ni wa juu. Jambo hilo la mwisho lina uzito wake, kwa maana shina lina mwelekeo: mizizi hutokea upande uliokuwa chini na machipukizi upande uliokuwa juu. Kipande kilichopandwa kichwa chini hakiendelei vizuri.

Vipande vingine husafirishwa vikiwa vikavu, bila mizizi wala majani, na kuoteshwa katika nyumba za vioo za nchi kama Uholanzi. Vingine huoteshwa kwanza huko huko Costa Rica na kuuzwa vikiwa na majani. Hivi vya pili vina bei nzuri zaidi lakini pia hatari zaidi.

Kuzoeza kivuli

Mmea uliolelewa juani ukipelekwa moja kwa moja sebuleni hupukutisha majani. Sababu yake ilichunguzwa kwa kina katika miaka ya 1970 na Charles Conover na Richard Poole wa Chuo Kikuu cha Florida, katika kituo cha utafiti cha Apopka. Kila mmea una kiwango cha mwanga ambacho sukari unayotengeneza inalingana na ile unayoitumia kupumua. Mmea wa juani una kiwango cha juu, kwa hiyo ndani ya nyumba hutumia akiba kuliko unavyoweka, na hatimaye hutupa majani usioweza kuyalisha. Mmea uliozoeshwa kivuli hutosheka na mwanga kidogo.

Kwa sababu hiyo mimea yenye majani huwekwa chini ya nyavu za kivuli kwa wiki au miezi kadhaa kabla ya kuuzwa. Maji na mbolea hupunguzwa pole pole, kwani chumvi ya mbolea iliyobaki kwenye mizizi huiunguza mmea ukishaingia mahali pasipo na mwanga wa kutosha kuitumia. Mkulima mwenye haraka hufupisha hatua hii, na lawama humwangukia mnunuzi wa mwisho anayedhani amesahau kumwagilia.

Drasena pia huathiriwa na floridi: ncha za majani hukauka na kuwa za kahawia. Wakulima huepuka mbolea ya supafosfeti, ambayo huwa na floridi, na huongeza chokaa ili udongo usiwe na asidi nyingi. Mtu anayeukuza mmea huu kandokando ya Mlima Meru, ambako maji mengi yana floridi nyingi, anaweza kuiona dalili hiyo nyumbani kwake.

Usafi na ukaguzi

Hapa ndipo mzigo mzima unaweza kupotea. Nchi nyingi hazikubali udongo kutoka nje, kwa sababu hubeba nematodi, mayai ya wadudu na kuvu. Mizizi huoshwa mpaka ibaki mitupu, au mimea huoteshwa katika nyuzi za makumbi ya nazi au mboji maalumu pale sheria inaporuhusu. Majani hukaguliwa chini na juu kwa ajili ya vidugamba na utitiri.

Adui anayeogopwa sana ni nondo Opogona sacchari, ambaye hushambulia pia migomba na miwa. Viwavi wake hutoboa ndani ya shina, na kwa nje kipande huonekana kizima hadi kinapobonyezwa na kukutwa laini. Nondo huyu amesambaa duniani kwa njia ya biashara hii hii ya mimea.

Mzigo uliokubaliwa hupewa cheti cha afya ya mimea, kinachotolewa Costa Rica na idara ya serikali inayoitwa Servicio Fitosanitario del Estado. Utaratibu wa vyeti hivyo unatokana na Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea wa mwaka 1951. Hata mbao za kubebea mzigo zina masharti: kwa njia iliyozoeleka, hupashwa joto hadi kiini chake kifikie nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30. Mkaguzi wa bandari ya mwisho akikuta mdudu anayekatazwa, mzigo hufukizwa dawa, hurudishwa au huteketezwa, na kwa kawaida gharama si juu yake.

Safarini

Drasena husafiri katika makontena yenye ubaridi wa takriban nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Haiwekwi pamoja na ndizi, ambazo husafirishwa katika ubaridi mkali zaidi. Tena matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethileni inayoangusha majani.

Mwaka 2001 biashara ya spishi nyingine, Dracaena sanderiana, ilileta fundisho kubwa. Mmea huu kutoka Afrika ya Kati huuzwa kwa jina la mianzi ya bahati, ingawa si mwanzi, na hulimwa kwa wingi kusini mwa China. Mizigo iliyofika California kwa meli ikiwa imesimamishwa ndani ya maji ilikutwa na mbu Aedes albopictus, anayeeneza dengi na chikungunya. Marekani ikakataza mimea hiyo kusafirishwa katika maji yaliyotuama. Mwaka 2005 mbu huyo alikutwa pia katika nyumba za vioo za Uholanzi zilizopokea mimea hiyo.

Afrika Mashariki

Kenya, Uganda, Tanzania na Ethiopia zinauza Ulaya vipandikizi vya maua na mimea ya mapambo, vingi vikiwa havina mizizi na vikisafirishwa kwa ndege. Nchini Kenya ukaguzi na vyeti viko chini ya KEPHIS, na nchini Tanzania chini ya TPHPA, mamlaka iliyoanzishwa mwaka 2020. Isale lenyewe bado hupandwa zaidi kwa ajili ya mipaka ya vihamba kuliko kwa ajili ya makontena.