Hisani ya Familia na Swali la Wakfu: Mfano wa Akina Masiyiwa

Hisani ya matajiri wa Afrika tumezoea kuieleza kama makombo: kampuni hustawi kwanza, kisha wenye mali wakawakumbuka wahitaji. Habari za Strive na Tsitsi Masiyiwa wa Zimbabwe hazikubali mpangilio huo. Mfuko wao wa kusomesha yatima, Capernaum Trust, ulianza mwaka 1996, wakati kampuni yao ya simu, Econet, ingali ikipigania leseni. Mtandao wenyewe ulianza kazi Julai 1998. Anayedai kwamba taasisi hiyo, ambayo leo ni Higherlife Foundation, ilibuniwa ili kuusafisha utajiri wao anapingwa na kalenda, maana utajiri wa Econet ulikuwa haujazaliwa. Kilichokuwapo ni Ukimwi, na mabibi waliorudi kulea upya baada ya kuzika watoto wao. Hata hivyo sitetei nia ya wanandoa hawa, kwani nia haipimiki. Ninachodai ni kwamba ubora wa hisani ya namna hii umo katika urefu wa ahadi yake, na kwamba ahadi hiyo imejengwa juu ya msingi unaotikisika, yaani mapato ya kampuni.

Kumlipia mtoto ada ya mwaka mmoja ni sadaka. Kumshika mkono toka shule ya msingi hadi chuo kikuu ni deni la zaidi ya miaka kumi, na ni wachache walio tayari kulibeba. Taasisi yenyewe inasema iliwafadhili vijana zaidi ya 250,000 katika miongo yake miwili ya mwanzo. Wapo watakaosema elimu ni wajibu wa serikali, na kwamba mfadhili huipa serikali kisingizio cha kulala. Kanuni hiyo ni sahihi, lakini mwaka 2008, mfumuko wa bei ulipoumeza mshahara wa mwalimu, mtoto wa darasa la saba hakuwa na serikali ya kungojea.

Mwaka huohuo ndio unaoleta pingamizi zito zaidi. Nikishauri hisani itengwe na kampuni, nitaambiwa kwamba akiba yoyote ya dola za Zimbabwe iliyeyuka wakati ule, ilhali kampuni iliendelea kuingiza mapato. Ni kweli, ila hilo linaikataa akiba ya fedha taslimu tu. Watu wa pwani yetu walioweka wakfu hawakuweka noti sandukuni. Waliweka shamba, nyumba, duka la kupangisha, mali isiyouzwa wala kurithiwa, na pato lake likaenda kwa waliotajwa. Zanzibar hadi leo ina Kamisheni ya Wakfu inayosimamia mali za watu waliokufa zamani. Usimamizi wake umelalamikiwa mara nyingi, na kwa haki, lakini nyumba zipo. Akina Masiyiwa wangefunga majengo au hisa kwa sharti kama hilo, warithi wasingeweza kugeuza nia ya waanzilishi. Kwa sasa ada ya yatima wa Zimbabwe bado inategemea, kwa sehemu kubwa, muda wa maongezi wanaonunua majirani zake.