Dawa ya Ukungu na Askari wa Mwili

Leo tunazungumza juu ya antibiotiki. Tutaanza mbali kidogo.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918, daktari Alexander Fleming alikuwa Ufaransa akichunguza vidonda vya wanajeshi. Vidonda vile vilitiwa dawa kali za kuua viini, lakini vikaendelea kuoza. Fleming aligundua sababu. Dawa zile ziliua chembechembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili, na viini vilivyojificha ndani ya kidonda vikabaki salama.

Mwaka wa 1928, huko London, aliona ukungu umeota kwenye kisahani chake cha bakteria. Bakteria waliokuwa karibu na ukungu walikuwa wamekufa. Dawa iliyotoka humo akaiita penisilini. Alipoipima, aliona haiwadhuru askari wa mwili.

Februari 1941, mjini Oxford, polisi mmoja aitwaye Albert Alexander alidungwa penisilini. Viini vilikuwa vimemwenea mwilini. Baada ya siku chache homa ilishuka, akaanza kula. Lakini dawa ilikuwa haba, hata ikabidi ichujwe kutoka kwenye mkojo wake atumie tena. Ilipokwisha, viini viliinuka upya, naye akafariki tarehe 15 Machi. Adui alikuwa amepunguzwa, lakini askari wa mwili hawakuwahi kummaliza.

Mama, yule polisi alikosa dawa. Sisi tunayo, na bado tunaikatiza njiani. Kliniki nimempokea mtoto aliyezidiwa kwa sababu nusu ya dozi iliwekewa mdogo wake. Mama yake hakuwa na ubaya, alikuwa akibana matumizi.

Tena, mafua ya kawaida huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Ukimpa mtoto bila sababu, huua bakteria wazuri wa tumboni, wale wanaosaidia kuwafundisha askari wake kazi. Ndiyo maana wengine huharisha.

Kwa hivyo, usinunue antibiotiki bila kupimwa. Ukiandikiwa, mpe mtoto kama ulivyoelezwa hadi siku ya mwisho, hata akianza kucheza. Usimgawie mwingine. Mnyonyeshe, mpeleke chanjo. Na akipumua haraka au kifua kikibonyea, usingoje kesho, mkimbize kituo cha afya.