Padre Lemaître na Swali la Kijana wa Kipaimara

Miaka michache iliyopita, katika mafundisho ya kipaimara hapa Mpanda, kijana mmoja aliinua mkono akauliza: "Nimesoma kwamba ulimwengu una umri wa miaka zaidi ya bilioni 13. Ninyi mnatufundisha siku sita. Nimwamini nani?" Sisi tuliokuwa tukifundisha siku ile tulitazamana. Mmoja wetu akamwambia kwamba maswali ya namna hiyo ni kiburi cha shule. Waliobaki tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kukawa ndilo jibu. Baada ya Jumapili mbili kijana yule hakuonekana tena darasani.

Tumelikumbuka swali hilo mara nyingi, na hatimaye tukafanya kile tulichopaswa kufanya mapema: tukasoma. Tuliyoyakuta yalituaibisha kidogo, kisha yakatufurahisha. Tulikuta kwamba fundisho la ulimwengu unaotanuka, ambalo tuliliona kama jeshi la adui limesimama mlangoni, lilitolewa mapema na mtu aliyeadhimisha Misa. Jina lake ni Padre Georges Lemaître.

Sisi wa Katavi tuna sababu ya pekee ya kumsikiliza. Imani ya wazee wetu wengi ilipitia Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Boma la Karema lilianzishwa mwaka 1879 na Wabelgiji waliotumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili, wakiongozwa na Kapteni Cambier. Mwaka 1885 boma hilo lilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, ambao kwa sababu ya kanzu zao waliitwa Mapadre Weupe. Miaka 9 baadaye, tarehe 17 Julai 1894, katika mji wa Charleroi huko Ubelgiji, alizaliwa mtoto huyo Georges. Alianza masomo ya uhandisi, vita ya mwaka 1914 ikamkuta, akapigana katika kikosi cha mizinga. Vita ilipokwisha alisoma hisabati na fizikia, akaingia seminari, akapewa upadrisho mwaka 1923. Hakuacha kimoja kwa ajili ya kingine. Alisoma elimu ya nyota Cambridge huko Uingereza na kisha Marekani, akarudi kufundisha katika chuo kikuu cha Kikatoliki cha Louvain.

Mwaka 1927 alichapisha makala kwa Kifaransa katika jarida la Ubelgiji lililosomwa na wachache. Ndani yake alisema kwamba galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota kama hili tulimo sisi, zinazidi kuachana, na kwamba sababu yake ni kutanuka kwa ulimwengu wenyewe. Zile zilizo mbali zaidi zinaondoka kwa kasi zaidi.

Jambo hili si gumu kama linavyosikika. Chukua ule mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, tunaofungia magunia ya mkaa. Weka alama tatu za chaki: ya pili iwe shubiri moja kutoka ya kwanza, na ya tatu iwe shubiri mbili. Sasa uvute mpaka urefu wake uwe mara mbili. Alama ya pili itakuwa shubiri mbili kutoka ya kwanza, na ya tatu shubiri nne. Katika muda uleule, iliyokuwa karibu imesogea shubiri moja na iliyokuwa mbali imesogea mbili. Wala hakuna alama iliyotembea juu ya mpira. Ni mpira uliotanuka. Ukisimama kwenye alama yoyote utaona nyingine zinakukimbia, ingawa wewe si katikati ya kitu chochote.

Mwaka huohuo wa 1927 Lemaître alikutana na Albert Einstein mjini Brussels. Einstein alikubali kwamba hesabu zake hazina kosa, lakini wazo lenyewe alilikataa. Mwaka 1929 Edwin Hubble, aliyekuwa akitumia darubini kubwa ya Mlima Wilson huko California, alichapisha vipimo vilivyoonyesha uhusiano uleule wa umbali na kasi, na baadaye Einstein naye akakubali kwamba ulimwengu unatanuka. Kwa miaka mingi kanuni hiyo iliitwa kwa jina la Hubble peke yake. Mwaka 2018 umoja wa kimataifa wa wanaastronomia ulipiga kura kupendekeza iitwe kanuni ya Hubble na Lemaître.

Kama mpira unatanuka leo, basi jana ulikuwa mfupi. Mwaka 1931 Lemaître aliifuata fikra hiyo hadi mwisho wake: ukirudi nyuma vya kutosha, vyote vilivyopo vilikuwa vimebanana mahali pamoja, na hapo ndipo historia ya ulimwengu ilipoanzia. Wataalamu kadhaa waliona shaka kwamba padre anaingiza Kitabu cha Mwanzo kupitia mlango wa nyuma. Zaidi ya hayo, hesabu zilikuwa na kasoro kubwa. Kwa vipimo vya Hubble, ulimwengu ungekuwa na umri wa karibu miaka bilioni 2 tu.

Kasoro hiyo sisi wa Mpanda tunaweza kuieleza kwa mawe yetu wenyewe. Wazee wanakumbuka kwamba reli ya kutoka Kaliua ililetwa hapa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, na katika miaka ya 1950 mabehewa yaliyabeba kutoka hapa kuelekea bandarini. Risasi ni metali yenye kumbukumbu. Sehemu yake hutokana na urani, inayogeuka kuwa risasi polepole mno: nusu ya urani ya aina iliyo nyingi zaidi hugeuka kwa miaka ipatayo bilioni 4.5. Anayepima kwa uangalifu aina za risasi zilizomo katika jiwe anaweza kusoma umri wake, kama tunavyosoma umri wa mti kwa pete za shina. Miamba ya ukanda wa Ubende, tunayoikanyaga kila siku, ina umri wa karibu miaka bilioni 2. Mwaka 1956 Clair Patterson wa Marekani, akipima risasi iliyomo katika vimondo, alipata kwamba Dunia yenyewe ina takribani miaka bilioni 4.5. Itakuwaje Dunia iwe na umri kuliko ulimwengu uliomo? Ni kama kusema mtoto amemzaa bibi yake.

Hapa tunafika kwenye sehemu ya historia hii ambayo tungependa kila katekista aijue. Mwezi wa Novemba mwaka 1951, Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Mbili aliihutubia Akademia ya Kipapa ya Sayansi. Alifurahia sana elimu hii mpya. Aliona kwamba sayansi, kwa kurudi nyuma katika wakati, imekuwa kama shahidi wa saa ile nuru ilipoumbwa. Waumini wengi walishangilia. Lemaître, aliyekuwa mjumbe wa Akademia hiyo, hakushangilia. Aliona hatari. Nadharia yake ilikuwa nadharia ya fizikia, inayoweza kusahihishwa kesho, wala hakutaka imani ya watu ifungwe kwenye kigingi kinachoweza kung'oka.

Wakati ulimthibitisha upesi. Septemba 1952 wanaastronomia wa dunia walikutana Roma. Papa alizungumza nao, na safari hii hakurudia hoja ile. Katika mkutano huohuo Walter Baade alieleza kwamba umbali wa galaksi ulikuwa umekadiriwa vibaya: ulipaswa kuwa karibu mara mbili. Kwa hiyo umri wa ulimwengu nao ukawa mara mbili, mara moja, ndani ya ukumbi mmoja. Fikirini kama katekisimu yetu ingeandika miaka bilioni 2 kama nguzo ya imani. Padre Lemaître aliilinda imani kwa kukataa kuipa ushahidi wa mkopo.

Tangu hapo vipimo vimeendelea kunolewa. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson huko Marekani walitangaza kwamba wamenasa mnururisho hafifu unaotoka kila upande wa anga, mabaki ya joto la siku za mwanzo. Lemaître alikuwa mgonjwa, lakini aliletewa habari hiyo kabla hajafariki tarehe 20 Juni 1966. Leo umri unaokubalika ni karibu miaka bilioni 13.8.

Na ukubwa je? Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na bado nuru ya jua hutumia dakika 8 kutufikia. Mwezi wa Novemba, mvua zinapotukaribia, toka nje ya mji mahali pasipo na taa utazame Kilimia kikichomoza mashariki. Nuru unayoiona iliondoka kule miaka ipatayo 440 iliyopita, karibu miaka 300 kabla jiwe la kwanza la boma la Karema halijawekwa. Kisha geukia kaskazini utafute wingu dogo hafifu. Hiyo ni galaksi ya Andromeda, na nuru yake imesafiri miaka milioni 2.5. Vitu vya mbali kabisa ambavyo nuru yake imeweza kutufikia viko sasa umbali wa takribani miaka ya nuru bilioni 46, kwa kuwa njia yenyewe ilitanuka nuru ikiwa safarini. Kilicho ng'ambo ya hapo hatukioni.

Wengine hutishwa na tarakimu hizi, wakidhani kwamba mbingu zikiwa kubwa hivyo, sisi tunakuwa si kitu. Lakini mtunga zaburi alilisikia tishio hilo zamani, akiwa na macho yake mawili tu, na alilifanya sala. Naye Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Hippo, alionya miaka 1600 iliyopita kwamba Mkristo asizungumze ovyo juu ya nyota na mambo ya asili mbele ya watu wanaoyajua, akidai Maandiko ndiyo yanayosema hivyo, asije akafanya Maandiko yenyewe yadharauliwe. Tulipoyasoma maneno ya Augustino tulikumbuka darasa letu.

Sasa tunajua ambavyo tungemjibu kijana yule. Tungemwambia kwamba siku sita za Kitabu cha Mwanzo zinatufundisha ni nani aliyeumba na kwamba aliona ni vyema. Hazikuandikwa ili tuzigeuze kuwa kalenda. Miaka bilioni 13.8 ni kazi ya watu waliopima kwa uaminifu na kukubali kusahihishwa, na mmoja wao alikuwa padre aliyesali breviari yake asubuhi na kurudi kwenye hesabu zake mchana, bila kuogopa kwamba kimoja kitaua kingine. Na tungemwomba radhi, maana alichouliza hakikuwa kiburi.

Kijana sasa anasoma mbali. Mama yake bado anaimba kwaya pamoja nasi. Tumempa mama huyo ujumbe: akija likizo, mwaka huu somo la Kilimia litafanyika nje, usiku, baada ya sala ya jioni, na tungependa yeye ndiye aanze kuuliza.