Posho, Daraja na Makato: Historia ya Hati ya Mshahara Tukiitazama kutoka Rusizi

Wengi wetu tunapofundisha msamiati wa ofisini huandika ubaoni mshahara, posho, daraja, makato na pensheni, kisha tunasonga mbele. Mwanafunzi hukariri na kufaulu mtihani. Baadaye huajiriwa na serikali, hupewa hati ya mshahara, na kushangaa kwa nini fedha zilizoingia benki si zile alizoahidiwa. Katika ukurasa huu tunapenda kuyaeleza maneno hayo kihistoria, tukianzia hapa Rusizi, wilaya iliyoundwa mwaka 2006 katika eneo la uliokuwa Mkoa wa Cyangugu.

Mshahara ni neno lenye asili ya Kiarabu, kutokana na *shahr*, yaani mwezi. Ni malipo ya mwezi kwa mwezi, tofauti na ujira wa kibarua wa siku. Kinyarwanda kinalo neno hilohilo, *umushahara*. Njia mojawapo ya kupita kwa maneno ya namna hiyo haikuwa mbali nasi: mwaka 1898 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Shangi, leo katika Wilaya ya Nyamasheke, na lugha ya kambini miongoni mwa askari wao ilikuwa Kiswahili. Fedha yao ilikuwa rupia. Wabelgiji walipoiteka Rwanda mwaka 1916, ikaja faranga. Lakini tusisahau kwamba chini ya utawala huo wa kikoloni watu wengi sana walifanyishwa kazi kwa nguvu bila mshahara wowote, na kazi hiyo ya shuruti iliitwa *akazi*. Leo neno hilo lina maana ya ajira ya kawaida, na kijana huwaombea wenzake walipate. Maneno nayo husamehe!

Posho ndiyo yenye historia tamu zaidi. Katika misafara ya karne ya 19 posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi au askari, au vitu vya kununulia chakula hicho. Uganda hadi leo ukiagiza posho hotelini utaletewa ugali. Tanzania posho imekuwa fedha ya kujikimu au ya kikao. Maana zote hizo zina wazo moja: posho ni kitu cha kumwezesha mtu aifanye kazi, nje ya malipo ya kazi yenyewe. Ndiyo maana katika hati ya mshahara posho ya nyumba na ya usafiri huandikwa mbali na mshahara wa msingi. Ukijumlisha vyote unapata mshahara ghafi. Wanafunzi wengi hudhani mshahara wa msingi na mshahara ghafi ni kitu kimoja, na hapo ndipo hesabu zote huharibika.

Daraja (hilihili tunaloliita la kuvukia Mto Rusizi kwenda Bukavu) lina maana pia ya ngazi. Kwa walimu wa Rwanda ngazi hufuata vyeti: A2 ni cheti cha sekondari, A1 stashahada, A0 shahada. Mwezi Agosti 2022 serikali ilipotangaza nyongeza, walimu wa msingi wenye A2 walipata asilimia 88, wenye A1 na A0 asilimia 40. Waliosikia asilimia bila kuuliza daraja walibishana bure.

Sasa makato, ambayo ndiyo huleta manung'uniko. Hayakuja yote siku moja. Mfuko wa Jamii wa Rwanda ulianzishwa mwaka 1962, na mchango wa pensheni ukawa asilimia 6, nusu ya mfanyakazi na nusu ya mwajiri. Mwaka 2001 ikaja RAMA, bima ya afya ya watumishi wa serikali: asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi kutoka kwa mtumishi, na kiasi hichohicho kutoka kwa mwajiri. Mifuko hiyo miwili iliunganishwa mwaka 2010 kuwa RSSB. Mwaka 2016 uliongezwa mchango wa likizo ya uzazi, asilimia 0.3, na mwaka 2020 asilimia 0.5 ya mshahara unaobaki, kwa ajili ya bima ya afya ya jamii.

Kodi ina mwendo wake. Kwa sheria ya 2005, faranga 30,000 za kwanza kwa mwezi hazikutozwa. Sheria ya 2022 ikapandisha kiwango hicho hadi 60,000. Kutoka hapo hadi 100,000 hutozwa asilimia 10, kutoka 100,000 hadi 200,000 asilimia 20, na zinazozidi asilimia 30. Basi mwenye mshahara ghafi wa faranga 200,000 hulipa 4,000 na 20,000, jumla 24,000. Halipi asilimia 20 ya fedha zote, kama tunavyosikia watu wakilalamika.

Ng'ambo ya mto mambo ni mengine. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 walimu wa Kongo waliishi kwa sehemu kubwa kwa fedha zilizochangwa na wazazi, hadi elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019. Mwalimu wa aina hiyo hakukatwa sana, lakini pia hakuwekewa sana.

Badiliko kubwa lilitufikia Januari 2025. Mchango wa pensheni ulipanda kutoka asilimia 6 hadi 12, na kwa mara ya kwanza posho ya usafiri ikaingizwa katika hesabu yake. Yule mwenye 200,000 sasa hukatwa 12,000 za pensheni. Kwa kiwango cha zamani hata kama yote yangehesabiwa angekatwa 6,000. Kuanzia 2027 mchango umepangwa kuongezeka hatua kwa hatua hadi asilimia 20 mwaka 2030. Mwanafunzi wetu atakayeajiriwa mwaka huo atakatwa nusu yake, yaani sehemu moja katika kila kumi, posho ya usafiri ikiwemo.