Krismasi ya Nyumbani Mwaya

Msomaji akifika Mwaya mwishoni mwa Desemba, atakuta mvua zimekwisha kuanza, majaruba ya mpunga yamejaa maji, na milima ya Livingstone, upande wa mashariki, imejifunika wingu. Ni majira ya jembe. Hata hivyo, tarehe 25 jembe hulazwa, na baba huketi mkekani pamoja na mkewe na watoto wake wadogo, wakala wali na samaki katika sinia moja. Mgeni ataliona hilo kuwa jambo la kawaida tu. Kwa babu zetu Wanyakyusa lingekuwa karibu na fedheha.

Hapana budi nieleze. Zamani watu wetu hawakujenga vijiji kwa ukoo, bali kwa rika. Mtoto wa kiume alipotimiza kama miaka kumi aliondoka kwa baba yake, akalala katika vibanda vilivyojengwa na wenzake wa umri wake. Chakula walikifuata kwa mama zao, kundi zima likizunguka nyumba hadi nyumba. Baba naye alikula na rika lake. Sababu mojawapo ilikuwa heshima, kwani mke wa mtoto hakuruhusiwa hata kumtazama baba mkwe wake usoni. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwetu kati ya mwaka 1934 na 1938, waliyaeleza haya kwa urefu, na walilitilia mkazo neno letu ukwangala, yaani raha ya kukaa, kula na kuzungumza na wenzako. Raha hiyo ilikuwa ya marika. Mtu aliyejifungia ndani na chakula chake alidhaniwa mchoyo, na uchoyo kwetu ulikuwa jirani wa uchawi.

Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na wale wa Berlin wakaingia nchini kwetu mwaka huo huo. Huko kwao Ujerumani, Wamoravian walikuwa na desturi ya kumpa kila mtoto mshumaa katika ibada ya Krismasi tangu mwaka 1747. Lakini mbegu haikuota upesi: ubatizo wa kwanza wa Rungwe ulifanyika mwaka 1897, na aliyebatizwa alikuwa mwanamke. Baadaye ndipo mafundisho ya mke mmoja na meza moja yalipoanza kuvivunja vile vijiji vya rika.

Mimi, hata hivyo, siamini kuwa mahubiri peke yake yalitosha. Kazi za mbali zilichangia sana. Wanaume wetu walikwenda Lupa kutafuta dhahabu, kisha migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine wakaandikwa na Wenela kwenda Afrika Kusini. Rika likatawanyika, waliobaki nyumbani ni mama na watoto. Krismasi nyingi za enzi hiyo zilikuwa kimya kwa sababu hiyo tu, na Mwaya, iliyokuwa bandari ya meli za ziwani, ilijua vizuri maana ya kutazama maji. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, serikali ikaufunga mlango wa kwenda kwa makaburu. Baba aliyerudi baada ya miaka alikuta watoto wasiomjua, na rika lake halipo. Angekula na nani?

Mwaka jana nilikaa nyumbani na wajukuu wangu wadogo, wala sikutoka kwenda kwa wenzangu. Alasiri mzee mmoja wa rika langu akabisha hodi. “Mugonile,” akasema, kisha akauliza kwa ukali kidogo, “Mwenzetu, umejifungia?” Sikuwa na jibu la haraka. Mjukuu mdogo akasogea mkekani kumpa nafasi, akamsukumia sinia, akamwuliza yeye ni wa rika gani. Mzee akavua viatu.